Nilimbandika Bei Bibi Yake Wifi

Mpendwa Anti Mackrine,

Shikamoo. Naomba barua hii uichape gazetini, kwa sababu nimeshindwa kumwambia mtu yeyote wa karibu na nikiendelea kukaa nayo moyoni naona nitaugua, majina badilisha lakini mambo yenyewe yaache kama yalivyo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nina duka la mablanketi, mashuka na nguo za sherehe hapa Nkwenda, na kwa kweli duka lilikuwa linasuasua mpaka mwaka jana nilipokwenda semina ya wajasiriamali kule Kayanga, ndipo mwalimu akatufundisha kubandika bei kwenye picha tunazoweka mtandaoni, yaani unapiga picha, unagusa pale ilipo bidhaa, unaichagua kwenye orodha ya duka lako, halafu mteja naye akigusa hapohapo panajitokeza jina la bidhaa, bei, idadi iliyobaki na mahali pa kuagizia. Akatuambia tuache kupiga picha za vitu vilivyokunjwa kwenye rafu, watu hawanunui kitu kilicholala, wananunua kitu wanachokiona kikitumiwa na mtu halisi mwenye furaha. Anti, mimi nilimwelewa kupita kiasi.

Mwezi uliopita tulipeleka mahari Nyaishozi, mdogo wangu Novatus anamuoa Edith, binti mpole wa familia inayoheshimika sana pale, na kwa kuwa nina duka, vitu vingi vilitoka kwangu, kanzu ya baba yake Edith, busuti ya mama yake, lile gauni refu la heshima la huku kwetu, na blanketi zito la bibi yake ambaye ndiye aliyemlea Edith tangu akiwa mchanga. Mshenga wetu, Mzee Gaudiosus, alisimama akalisifia lile blanketi kama mnavyojua wazee wetu wanavyosifia, akasema, "Hili familia imelitafuta mpaka miguu ikavimba, halina pacha wake Kagera nzima, limeshonwa kwa ajili ya mama huyu mmoja." Tukamfunika bibi, bibi akatoa machozi, akasema, "Mwana wange, sasa baridi itanikuta nimejiandaa," watu wakapiga vigelegele na mimi nikapiga picha, na ile picha ilitoka nzuri kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga maishani.

Jumapili baada ya misa nikaiweka mtandaoni pamoja na nyingine, na nikabandika bei. Sikuona ubaya, Anti, nakuapia, niliona ndiyo yale ya semina, mtu halisi mwenye furaha. Nikabandika kwenye bega la bibi, nikabandika kifuani kwa baba yake Edith, nikabandika kwenye busuti ya mama yake. Mpaka jioni oda zilikuwa zimeingia nyingi kuliko za mwezi mzima, Bukoba, Mwanza, mpaka Kahama, kila mtu anataka blanketi kama la yule bibi, nikamshukuru Mungu.

Jumatano shangazi yake Edith, anaitwa Placidia, alikuwa amekaa na bibi na majirani anawaonyesha picha za mahari kwenye simu, akagusa uso wa bibi ili aukuze waone yale machozi, kidole kikashukia begani. Pakatokea maandishi. Akayasoma kwa sauti kabla hajajua anasoma nini: blanketi zito la bibi, bei ya ofa, yamebaki arobaini na sita. Akagusa kanzu, ikasema bei yake. Akagusa busuti, nayo ikasema. Wanasema bibi hakugomba wala hakulia, alisimama, akaenda ndani akalikunja blanketi, akalileta, akasema, "Mrudishieni dukani, hesabu yake isije ikapungua." Alhamisi vitu vyote vikarudi kwetu kwa gari, wakabakiza ng'ombe na mbuzi tu, wakasema hao watajadiliwa. Mimi nilipoliona lile gari linasimama mbele ya duka nikakaa chini palepale kwenye vumbi.

Sasa sikiliza nilichofanya, kwa sababu hapo ndipo ninapoona aibu kuandika. Nilivipokea vile vitu nikavirudisha kwenye rafu. Nilikuwa na hasira, nilijiambia kama hawavitaki wapo wanaovitaka. Blanketi la bibi nililiona pembeni lina msalaba mdogo wa uzi mwekundu, baadaye nikaja kujua bibi hushona hivyo kwenye kila nguo yake, tangu alipokuwa msichana, lakini mimi nikaukunja ule msalaba kwa ndani nikalitia kwenye mfuko wa nailoni kama jipya. Kesho yake mama mmoja wa Nyabiyonza, Kampire, aliagiza kwa kugusa picha ileile, akaniandikia kwamba mama yake mzazi amefariki na alipokuwa mgonjwa alionyeshwa ile picha akatamani afunikwe vile. Nikampa bodaboda lile lililokuwa juu, nalo ndilo la bibi. Jumamosi wakamzika nalo.

Jumatatu Mzee Gaudiosus alirudi kutoka Nyaishozi alikokuwa amekwenda kutuombea msamaha, na alirudi anacheka, akasema bibi amelainika, mambo yamekwisha, tumeitwa Jumapili ya wiki ijayo, vitu vyote virudishwe na sharti la bibi ni moja, blanketi lake lilelile alilofunikwa siku ile, na atakayemfunika awe mimi, kwa mikono yangu, mbele ya watu walewale. Watu wote nyumbani walifurahi. Mimi nilikwenda dukani nikajifungia mlango.

Anti, ndoa imeshatangazwa kanisani mara mbili, imebaki mara moja, na Edith ananipigia simu ananiita wifi analia kwa furaha, ananiambia bibi ameshauliza mara tatu kama blanketi lake nimelitunza vizuri. Novatus hajui. Mshenga hajui. Nimechukua blanketi lingine la aina hiyohiyo, nimenunua uzi mwekundu, nimeshona msalaba, na ukiniuliza kusema kweli umefanana. Nilifikiria hata kumpigia Kampire, nikajikuta sijui ningemwambia nini, mimi ninayetaka kumwomba kitu kilichoko kaburini, nikajiogopa. Naomba unishauri, je, nilipeleke hili nililoshona ili ndoa ya mdogo wangu ipone, kwa sababu nikisema ukweli naona nimeivunja kwa mkono wangu, na je, hizi bei za kwenye picha nizitoe zote, maana ile picha bado ipo na oda bado zinaingia, na sitaki kukuficha, ndiyo inayolisha watoto wangu kwa sasa.

Mimi dada mwenye duka, Nkwenda.

Anti Mackrine anajibu

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nilianza kuisoma nikinywa chai, na chai ile ilipoa. Nina miaka kumi na tisa kwenye ukurasa huu, nimeletewa wake wenza waliowekeana sumu na mapadri waliotongozwa sakristia, nikadhani nimezoea. Nilipofika pale ulipokunja msalaba wa bibi kwa ndani nililiweka gazeti la zamani juu ya barua yako nikatoka nje kutembea kidogo. Nimerudi. Sasa tuzungumze.

Kwanza nikuondolee kosa ambalo si lako. Kuuza kwa kubandika bei kwenye picha si dhambi. Ni akili, na mama anayelisha watoto kwa jasho lake simcheki. Mwalimu wako wa semina alisema kweli, mteja hununua anachokiona kwa mtu. Ila hakukuambia, au alikuambia ukawa unaangalia simu, kwamba huyo mtu anaulizwa kwanza. Vaa blanketi wewe mwenyewe upigwe picha. Mvalishe jirani aliyekubali, mpe chochote, mwambie uso wake utakwenda mpaka Kahama. Lakini bibi wa watu uliyemwendea na mahari hakuwa kwenye duka lako. Alikuwa nyumbani kwake, anapokea heshima. Ulimgeuza rafu naye akiwa analia machozi ya kweli, na hapo unashangaa gari limerudi na mizigo. Ng'ombe wamepona kwa sababu ng'ombe huuzi.

Unaniuliza kama picha uitoe, na wakati unaniuliza bado ipo. Hilo limenishtua kuliko yote uliyoyaandika, nikuambie ukweli. Bibi amekulainikia, ameuliza mara tatu habari za blanketi lake, na muda huohuo bega lake linaendelea kukuuzia. Acha kusoma kwanza, ifute ile picha, kisha urudi uendelee kunisoma. Ukiona oda zimepungua, zipungue.

Umefuta? Haya.

Lile uliloshona uzi mwekundu lifumue leo. Unasema umefanana. Kwa nani? Yule mama ameshona msalaba huo tangu msichana, na wewe umejifunza juzi. Ataugusa kwa kidole kimoja gizani akajua. Na hata asipojua, utamfunika kwa mikono yako, mbele ya watu, huku anakutazama usoni na kukubariki, nawe unajua la kwake liko chini ya udongo Nyabiyonza. Baraka ya namna hiyo mimi nisingeitaka kwenye ndoa ya mdogo wangu. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako ni fupi zaidi kwa kuwa Kampire ana simu, ana picha za msiba, na blanketi lile lilionwa na waombolezaji wote.

Na huyo Kampire usimpite. Ulimuuzia kitu kilichokwisha kutumika kama kipya, akamzika nacho mama yake. Mwendee. Mwambie ulichofanya, mrudishie alichokulipa, umwombe msamaha, na la kaburi usilitaje hata kwa mzaha. Uliandika kwamba ulijiogopa ulipolifikiria. Nashukuru ulijiogopa, maana hapo ndipo nilipoona bado kuna mtu wa kuzungumza naye.

Sasa Nyaishozi. Usisubiri Jumapili. Jumapili pana watu, pana pombe, pana vigelegele, na ukweli unaosemwa mbele ya kadamnasi huwa unamvua nguo anayeambiwa kabla ya anayesema. Mwambie Novatus leo, kwa sababu yeye ndiye atakayeishi na Edith baada ya sisi sote kurudi makwetu. Atakasirika, mwache akasirike. Kisha mwambieni mshenga, maana mdomo wake ndio uliosema halina pacha, asije akafedheheshwa mara mbili. Halafu uende wewe na mshenga kwa bibi, mikono mitupu. Usibebe blanketi, usibebe sukari, usibebe kitu chochote chenye bei. Piga magoti umwambie: bibi, lile ulilofunikwa nililiuza, na lipo kaburini na mama wa mtu aliyelitamani alipokuona umelivaa.

Atasema nini, sijui, na asikudanganye mtu kwamba anajua. Anaweza kukufukuza. Anaweza kukujibu neno moja tu, na ukali wa maneno yake machache umeshauonja. Anaweza pia kuuliza jina la marehemu. Wanawake wa umri wake wamezika wengi na hawamnyimi maiti shuka. Lakini lolote atakalosema litakuwa limesemwa kwako wewe uliyemkosea, na Edith atakuwa ameolewa kwa watu anaowajua walivyo. Ndoa hiyo ikivunjika kwa ukweli, ilikuwa inasubiri kuvunjika kwa uongo mwaka ujao, tena ikiwa na mtoto ndani.

La mwisho, na hili si ushauri, ni taarifa. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, na mambo nimeyaacha kama yalivyo, kama ulivyoomba pia. Usinipigie simu kuniambia nisichape, nimeshaipeleka. Majibu haya nimekutumia kwenye simu leo Jumanne ili uyasome peke yako kwanza. Gazeti linatoka Ijumaa, na shangazi Placidia, kama kweli ni mwanamke wa namna uliyoniandikia, husoma kwa sauti. Una siku tatu za kufika kwa bibi kabla yangu.