Fundi Futi, Haikuwa Presha

Mwaka mmoja umetimia, mdogo wangu, tangu tukuzike na kuwadanganya watu. Tangazo letu lilisema umefariki kwa presha, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Niliandika mimi, dada yako mkubwa. Leo nalifuta.

Ilikuwa pombe. Na mtaani kwetu presha ya namna hii imezidi: fundi redio presha, mwalimu wa hesabu presha, mama wa mitumba naye presha. Wote walikuwa wateja wa kibanda kimoja kinachouza vichupa vya pombe kali, kinachofunguliwa kabla ya duka la mkate. Mwenye kibanda alikuja msibani akalia kutushinda sisi wafiwa. 

Watu wanakukumbuka, Fundi Futi. Ulimpima mtu kwa macho, futi ikining'inia shingoni bila kazi, na suruali ikamkaa. Sare za watoto uliziachia upindo mrefu makusudi, "maana hawa wanakua kama wanalipwa." Mwenye shida hukumrudisha. Kwa utani hatukukuweza.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Ukawa unakunywa asubuhi ili itulie, na kweli ilitulia, na hapo ndipo ulipotuponyoka. Nasi tulifanya nini? Kila alfajiri mkeo alitia uzi kwenye sindano ishirini, akazichomeka kwenye kijimto chako cha dukani, ili wateja wasikuone ukihangaika na tundu. Nami nilimsaidia. Tuliita kukusitiri. Hasira hii ninayoandika nayo, nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Ulipovunjika mguu ukalazwa, daktari aliuliza waziwazi, "Mgonjwa anakunywa?" Ulinitazama. Nikasema, "Hagusi kabisa, daktari." Siku ya tatu bila pombe ulianza kuweweseka, vidole vikishona hewani. Jioni mwili ukakakamaa, ukatikisika, nawe ukaondoka. Daktari alizungumza nami kwa upole ulioniuma kuliko tusi: "Mngeniambia tu, dada. Mnywaji wa kila siku akiacha ghafla anaweza kufa, na dawa ya kumsaidia tunayo."

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita kitinda mimba wetu, ambaye ndiye anayekalia cherehani yako, alinipa sindano na uzi. "Dada, nitilie, macho yamechoka." Macho ya miaka ishirini na sita! Niliiweka sindano mezani, nikafunga duka mchana kweupe, nikamshika mkono hadi hospitali, naye njia nzima akinisihi nisimwaibishe. Tulimkuta daktari yuleyule. Akauliza swali lilelile, na mdogo wetu akanitazama kama ulivyonitazama wewe.

"Anakunywa," nikasema. "Kila siku, tangu asubuhi."

Alininunia siku mbili. Bado amelazwa na mikono bado inatetemeka, lakini safari hii wauguzi wanajua kwa nini, na dawa anapewa. Jana aliomba chai.

Unakumbukwa na mama, mkeo, binti zako wawili, mdogo wako aliye wodini, na mimi dada yako. Hutatutoka moyoni, Fundi. Na yeyote atakayeuliza ulikufa kwa nini, tutamwambia.