Picha ya Mama Kwa Kamera Yako

Levis,

Nimeenda mochari na nguo za Mama. Chai iko kwa chupa. Wageni wa Gilgil wakifika wape viti, na usiwapeleke kuona samaki.

Asubuhi mathe wa cyber, yule mwanamke anatuchapishia programu ya mazishi, ameitisha picha ya Mama ya kuweka hapo, ndio nikafungua kamera yako. Matumbawe ya hiyo tangi yako ya samaki, picha elfu nne! Kuna mdudu wa maji mdogo kuliko ukucha, umempiga picha hadi macho yanaonekana. Na juzi, Mama akiwa mochari, bado unaniuliza ununue lenzi ya milimita tisini ama ya mia na tano, eti hii haikufikishi karibu. Mama aliishi na wewe miaka sita.

~~Pole, najua hata wewe umefiwa.~~

Ya Mama nimepata moja tu. Alikuwa amekuja kukuita ukule, akaonekana kwa kioo cha tangi, samaki amemziba mdomo. Nimepeleka hiyo. Mathe alitaka kumfuta huyo samaki. Nimemwambia amwache, kanisa yote ione ulikuwa unapiga picha ya nani.

Dada yako