Usiseme Nimechoka

Chumba Na. 9,
Nyuma ya Soko la Zamani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Hujambo wewe, shemeji naye hajambo, na pacha wamekua? Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Mimi sijambo. Safari hii neno hilo nimelipima kwanza, maana nimeshakuandikia "sijambo" nyingi za uongo.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili kazini, nimeegemea mashine ya kukaushia mashuka, na mara zote mbili nimekasirika. Unasema Shangazi aliniona Jumanne nikiingia chumba cha nyuma ya zahanati, kwamba watu wataongea, kwamba nitafute kikundi "chenye heshima, mbali na mtaa." Dada, unadhani sikutafuta?

Nilianza na cha aina hiyo hiyo unayoitaka, upande wa pili wa mji, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Ukumbi safi, viti vya kitambaa. Mwenye ukumbi alishika kipaza sauti akatangaza kwamba sote tuna pepo, akatupaka mafuta utosini, akasema tumepona. Mafuta hayajakauka nilikuwa nimeshavaa miwani.

Cha pili kilikuwa cha wanaume watupu, kwenye stoo ya karakana ya magari. Nilipoingia tu, mmoja akanipokea kwa furaha: "Afadhali mama umekuja, birika lile pale." Nikamimina chai. Wanaume kumi na wanne walieleza maisha yao, mimi nazungusha vikombe, na kwa jinsi mikono ilivyokuwa ikitetemeka nikawamwagia wawili. Hakuna aliyejiuliza inatetemekea nini. Wiki iliyofuata nikarudi, cheka ukitaka, nikamimina tena. Mwenyekiti akanishukuru kwa moyo wangu wa kujitolea.

Ndipo nikaenda nyuma ya zahanati, dakika tano kutoka kwangu. Mabenchi matatu, dirisha limezibwa kwa katoni, watu tisa. Mmoja ni fundi viatu wa hapa kona, mwingine dereva wa gari la nguo pale hotelini kwetu. Anayeongoza ni yule mganga mstaafu wa zahanati tuliyekuwa tukimkimbia utotoni, Bwana Sindano. Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikatafuta neno. Likaja lile letu: "Mimi... nimechoka."

Unalikumbuka, Dada? Wewe ndiye uliyelitunga. Baba kalala mlangoni na kiatu kimoja, mgeni anabisha hodi, unanisukuma nyuma yako na kusema, "Baba amechoka." Ulikuwa na miaka kumi na moja, kwa hilo sikulaumu. Lakini hatukuacha. Kafukuzwa kazi, amechoka. Kavunja sahani zote, amechoka. Hata siku ya kumzika, Shangazi aliwaambia watu kwamba kaka yake alifanya kazi sana akachoka. Wanasema funika kombe mwanaharamu apite. Kwetu hakupita, alivuta kiti akakaa.

Bwana Sindano hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Umechoka, au unakunywa?" Nililia mpaka kamasi zikanitoka mbele ya fundi viatu. Nikasema nakunywa. Nikasema mimi ni mlevi.

Tulipokuwa tunapanga mabenchi, mzee akanivuta pembeni. Akaniambia kwamba Baba alifika chumba kile kile, mara moja tu, mwaka ule ulioondoka wewe. Alisimama, akasema amechoka. "Nami nikampa kiti apumzike," mzee akasema. "Sikumuuliza la pili. Hakurudi tena." Tangu hapo kila anayesema amechoka, lazima amuulize.

Nina uchungu, Dada, sikufichi. Nina uchungu na Baba, na zaidi nina uchungu na wewe uliyepanda ndege ukaniachia neno hilo nililinde peke yangu. Na bado hujaridhika. Umempigia simu msimamizi wangu, ukamwambia kwamba yale mashuka niliyoyaunguza kwa pasi ni kwa sababu "amechoka tu, mpe likizo." Likizo! Nikae chumbani na nani, na chupa? Nimemweleza ukweli mwenyewe. Alinuna siku mbili, kisha akanihamishia kwenye kukunja taulo, mbali na pasi, na Jumanne ananiruhusu kutoka saa moja kabla ya wenzangu.

Kwa hiyo kikundi sihami. Leo ni siku ya thelathini na nane sijaonja tone. Sijui kama nitaifikia ya arobaini, na hilo linanitisha kuliko mdomo wa Shangazi.

Nisalimie shemeji na pacha wako. Nisalimie pia mama mkwe wako, ambaye unasema ananiombea kila asubuhi bila kujua ananiombea nini. Mwambie, ili maombi yasipotee njia. Mungu akulinde huko uliko, na hilo goti alitazame.

Na Shangazi akikupigia tena kukuuliza mdogo wako anafuata nini nyuma ya zahanati, usimwambie nimechoka. Baba alipewa kiti. Mimi niacheni nisimame.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa taabu,

Mdogo wako, mlevi.