Upepo Ukivuma, Droni Hulala

Kituo cha Msitu, 3 Februari

Mama, hujambo? Magoti yanasemaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku mlimani haina adabu.

Uliuliza kazi yangu ni nini hasa. Narusha droni, kindege kisicho na rubani. Kina kamera inayoona joto: moto uliojificha chini ya majani hung'aa kwenye skrini, nasi tunauwahi kabla haujala msitu. Hata nyati akilala kichakani namwona. Kinachotushinda ni upepo tu. Ukivuma sana haturushi. Tunakaa ndani tukicheza drafti.

Bintiyo,
Khavere

Tassia, 11 Februari

Khavere mwanangu,

Barua imefika, nami sijambo. Magoti yanatabiri mvua, lakini ni waongo kama redio. Nimewasomea wateja barua yako yote kibandani. Chapati ziliungua upande mmoja, wakazila hivyo hivyo kwa heshima yako. Ngigi, yule anayeniletea makaa, hata kiti alikataa. "Mama Khavere, hebu rudia hapo pa upepo." Nikarudia. Kijana msikivu! Laiti ungepata mume anayesikiliza hivyo.

Mama yako

Kituo cha Msitu, 2 Machi

Mama, u hali gani? Mimi sijaumia, hilo nalitanguliza.

Wiki jana upepo haukukatika, droni ikawa sandukuni. Mtu akawasha tanuri la makaa katikati ya msitu, cheche zikaruka. Upepo ulipotulia nilirusha, na bonde zima la mianzi lilikuwa jeupe kwenye skrini, moto mtupu. Wasike wa doria aliungua mikono akizima.

Mkubwa wetu, Bwana Siyad, anasema mchoma makaa aliambiwa siku tusizorusha, na aliyemwambia ni mmoja wetu. Amemsimamisha kazi Wasike, kwa kuwa shemeji yake aliwahi kuuza makaa. Mtu yuko hospitalini na bandeji mikono yote, anaitwa msaliti. Nami sijamtajia Bwana Siyad barua niliyokuandikia.

Mama, yule Ngigi wako makaa yake huyatoa wapi?

Khavere

Tassia, 27 Machi

Mwanangu,

Natumaini unakula. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta uongo mzuri. Nilipata wa aina mbili, wote ukanikaa vibaya mdomoni.

Ngigi alikuja na magunia. Nikamuuliza yametoka wapi. Akacheka: "Mama, si ulinisomea mwenyewe?" Nikamwambia ayarudishe garini. Siku hiyo sikupika.

Kesho napanda huko. Bwana Siyad atasikia kwangu, Wasike akiwapo, kwamba mtoto alimwandikia mamake na mama akageuza barua kuwa matangazo. Jina la Ngigi nitalitaja. Akitaka kukufukuza, atakufukuza nikiwa nimesimama hapo hapo.

Usijibu, barua itanikosa. Ukitaka kunizuia umechelewa. Ukitaka kunishukuru, ngoja kwanza tuone kama utabaki na kazi.

Mama yako