Mkia wa Sentensi

Jumatano, Hyattsville. Manyunyu tangu asubuhi.

Mvua ya hapa mwezi huu wa Novemba ina uchoyo. Hainyeshi ikaisha, inakunyunyizia siku nzima mpaka soksi zilowe. Nimerudi, nimebandika chai, nimekaa jikoni na koti langu mwilini. Leo nimefundisha somo la mwisho la majaribio na nimefaulu. Cheti cha kufundisha Kiingereza ni changu, na kazi niliyoahidiwa kule Langley Park ni yangu. Ghala la Landover nilikokuwa nabeba maboksi, tusionane tena.

Basi mbona nimekaa hapa kama niliyetoka kuzika?

Shajara, ngoja nikueleze vizuri, labda na mimi nitajielewa.

Nilipopata nafasi ya kozi hii, ndugu zangu Korogwe walicheka mpaka wakashika mbavu. Eti Rehema kavuka maji kwenda kuwafundisha Kiingereza watu wa Marekani, si ni sawa na kupeleka nazi Pangani kuuza? Hawajui Langley Park. Kule unaweza kutembea mtaa mzima ukasikia Kihispania, Kiamhari, Kifaransa, hata Kiswahili, na Kiingereza kisikusalimie. Wanafunzi wetu ni watu wazima waliotoka kazini: wapishi, wafagiaji, walezi wa wazee. Sisi wakurufunzi tunajifunzia kwao, na mkufunzi wetu, mama mmoja wa makamo anayeitwa Denise, anakaa nyuma akitutazama.

Siku yangu ya kwanza nilionyesha picha ya mwanamke mwenye kikapu. Nikasema kwa Kiingereza kwamba anakwenda sokoni, *mar*... Nikasita hapo, nikainua nyusi, nikasubiri.

Wale watu wazima wakanitazama, wakadhani nimepatwa na kiharusi.

Ndipo sauti moja kutoka dirishani ikajibu, "Keti!" Ndiyo, *market*: *mar* ilikuwa yangu na *ket* ilikuwa yake. Alikuwa Mama Espérance, Mkongomani wa Bukavu, mtu mzima mwenye wajukuu, na aliitamka kwa ile sauti ya kuvuta ya darasa la tatu. Nilitaka kumkumbatia.

Aliyesoma shule za kwetu haniulizi. Ng'ombe ana miguu mi...? Nneee! Ndivyo tulivyofundishwa sote, lakini hakuna aliyeipenda njia hiyo kumshinda mama yangu, Mwalimu Zuhura, aliyefundisha Kiingereza shule ya msingi mpaka akastaafu. Yeye alikuja nayo hadi nyumbani. Rehema, vyombo havijio...? Shi. Huo mlango haujifu...? Ngi. Sisi watoto wake tuliita jambo hilo kumpa mama mkia. Usipompa, alisubiri. Aliinua nyusi, akainamisha shingo kidogo, na chakula kingepoa mezani mpaka umpe mkia wake.

Denise hakuupenda mkia. Alinikalisha chini, akaniambia kwa upole nimalize sentensi zangu mwenyewe. Mwanafunzi anayesema *ket*, alisema, hajasema chochote, amerukia tu neno la mwalimu. Na hapo hajakosea. Watoto wangapi wa kwetu wamemaliza shule wakijua mikia tu, kichwa cha sentensi hawakijui? Nilikubali. Somo la pili nikarudia. La tatu nikarudia. Mwishowe akaniambia wazi kwamba nikifanya hivyo kwenye somo la mwisho, hataweza kunipitisha.

Sikuwa na ubishi. Nilikuwa na mama kinywani.

Kwa sababu kuna hili ambalo sijawahi kuliandika hapa. Siku nilipopata nafasi ya kozi nilimpigia mama. Akacheka, akalia, akacheka tena. Halafu akaingia kwenye ualimu wake. "Sikiliza Rehema. Siku utakayosimama mbele ya darasa, usisahau ku..."

Akanyamaza.

Nami nikajua anasubiri mkia. Nikaanza kubahatisha huku nacheka. Kutabasamu? Kufuta ubao? Kupaza sauti? Nilibahatisha weee, mpaka nilipotazama simu nikaona imekatika zamani. Tulikuwa tukiongea kwa intaneti, na bando lake lilikwisha. Kabla hajanunua jingine, presha ikampanda, na mama hakuamka.

Dada yangu Mwanaidi ananiambia ni bando tu, nisijitese. Lakini bando halijui kuchagua pa kukatikia. Mimi mpaka leo sijui kama simu ilimkata au alikuwa bado yupo, nyusi juu, ananisubiri.

Tangu hapo kimya kinanitisha. Basi la kwenda Langley Park linatangaza vituo, ila kwa sababu ya ujenzi wa reli vituo vingine vimehamishwa, kwa hiyo ile sauti inaanza, "Kituo kinachofuata...", kisha inanyamaza. Abiria hawajali, wako na simu zao. Mimi najikuta nataja kituo kwa kunong'ona. Juzi dada mmoja alihama kiti.

Wiki hii nzima nimefanya mazoezi hapa jikoni, nikiliambia friji sentensi nzima nzima. Na kila nikikaribia mwisho wa sentensi nilihisi mtu nyuma yangu amevuta pumzi, anasubiri nimwachie. Nikimaliza mwenyewe, ile pumzi haikutoka. Niseme ukweli, niliogopa. Nilimwogopa mama yangu mzazi, mama ambaye ningetoa chochote nimsikie tena.

Njeri, Mkenya ninayekaa naye, alinikuta hapo. "Rehema, siku hizi unaongeleshanga fridge? Si u-rest kidogo." Nikamwambia ni kazi ya darasa. Sikumwambia ilikuwa kazi ya darasa gani.

Basi leo nikafundisha. Anakwenda sokoni. Nukta. Ananunua samaki. Nukta. Nilizimaliza zote, hata moja sikuiacha. Denise aliandika akitikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini mimi nilikuwa nikiwatazama wanafunzi, na niliona jambo ambalo yeye kutoka nyuma hakuweza kuliona. Wale wapishi kutoka El Salvador, yule dada wa Ethiopia, wote walikuwa wameinua videvu. Walishazoea. Kila nilipokaribia mwisho midomo yao ilifunguka, na kila nilipomaliza mwenyewe, ikafungwa.

Na nyuma yangu hapakuwa na mtu. Mara ya kwanza tangu mama afe, hapakuwa na mtu kabisa.

Baada ya somo Denise alinishika mkono kwa furaha ya kweli. Akasema nimekuwa mwalimu mwingine kabisa. Nikamshukuru, nikaingia chooni, nikalia.

Kituoni nilimkuta Mama Espérance amejikunyata chini ya kibanda, mfuko wa plastiki kichwani. Akanipisha nikae. Nikamwambia nimefaulu, akanipongeza, akanipiga busu mashavuni kwa desturi yao. Halafu akanigeukia.

"Lakini Mwalimu, juu ya nini leo ulimaliza mafraze yote weye mwenyewe?"

Nikamweleza kwamba ndiyo sheria ya kozi, kwamba anatakiwa aseme sentensi nzima yeye, si kipande.

"Sawa, nitasema yote. Lakini kwetu Bukavu, mwalimu akiacha vile, ni kusema anajua miye niko pale. Leo nilifungua kinywa, hukuniona." Basi likatokea kwenye kona, akaanza kukunja mfuko wake. "Kesho usisahau kutungojea."

Nilisimama nimeshika kadi ya basi mkononi mpaka dereva akaniuliza kama napanda au sipandi.

*Usisahau ku...*

Shajara, sijapagawa. Kesho tunaagana na wanafunzi, na basi lao huchelewa kila siku, kwa hiyo huenda mama wa watu alimaanisha tusianze bila wao. Na mama yangu naye pengine alitaka tu kuniambia nisisahau kula. Ndivyo alivyokuwa, hotuba ndefu na mwisho wake ni chakula. Sitajua. Nimeliandika hilo ili nilizoee: sitajua.

Ila chai imepoa hapa mbele yangu na nimeshaamua. Denise yuko sahihi, sentensi nitazimaliza. Sitamtupia mtu mzima kipande cha neno akidake. Nitauliza swali zima, kisha nitanyamaza, nitainua nyusi, nitainamisha shingo kidogo, na nitamsubiri Mama Espérance hata akichukua alasiri nzima kuliunganisha jibu lake kutoka kichwani hadi mkiani. Hakuna sheria ya kozi inayokataza kusubiri. Nilikuwa nashika mkia wa mama, kumbe la maana lilikuwa kile kimya chake.

Njeri hajarudi. Jikoni kumetulia, friji lenyewe limenyamaza. Na ile pumzi iko tena nyuma ya shingo yangu. Safari hii sigeuki, wala siogopi sana.

Haya mama, zamu yako. Kesho ni siku nyi...?

Nasubiri.