Dakika Nne Njia ya Vitongoji

Jumatatu, 4 Agosti

Injinia Rajabu, msimamizi wa mradi, ametamka leo bandarini Mkoani: kuanzia mwezi ujao malori manne ya saruji yatajiendesha yenyewe hadi Chake. Madereva wanne wa sasa watabaki wawili. Hao wawili hawataitwa madereva, wataitwa waangalizi. Watakaa kitini, mikono magotini.

Nilimuuliza wawili gani. "Watakaofuata utaratibu, mzee wangu." Nikamuuliza, na baada ya waangalizi? Akatazama saa yake.

Habari imetumwa saa saba mchana. Aya sita. Mhariri wa Unguja anataka zaidi. Nipande lori, niandike safari.

Sikumwambia kwamba mmoja wa wale wanne, Faki, ni mume wa dada yangu Mize. Nitamwambia.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepanda na Faki kutoka Mkoani hadi ghala la kampuni, nje ya Chake, njia ya Vitongoji. Kwa sasa mashine inaendesha, yeye amekaa tayari kushika usukani. Kamera juu ya paa, kamera ubavuni, kisanduku cheusi kwenye dashibodi. Madereva wamekipa kisanduku jina: Mkwe. Kimekaa mbele, kinaona kila kitu, hakisemi mpaka kikasirike. Wote wanakaa mbele yake kwa adabu.

Niandike ukweli. Inaendesha vizuri kuliko madereva wengi walionibeba. Haikimbilii kona. Haipokei simu.

Shida ni karafuu. Msimu umeanza, watu wameanika kwenye majamvi ukingoni mwa lami kama kila mwaka. Lori lilifika jamvi la kwanza likasimama. Halikwenda mbele wala nyuma. Wanawake waliokuwa wakigeuza karafuu waliacha kazi wakacheka.

"Faki! Gari lako limeingiwa na woga?"

"Halina woga, Bi Saada. Linangoja kukaribishwa chai."

"Basi literemshe lije lichambue!"

Faki alishika usukani, akalipita jamvi kwa shibiri moja, akarudisha mikono magotini. Jamvi la pili, hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo. Miaka kumi na tisa anaendesha njia hii. Hakugusa karafuu hata moja.

Jumatano, 6 Agosti

Majamvi yale yale, leo lori limeyapita lenyewe. Kwa shibiri moja. Rajabu alinieleza asubuhi, ameridhika: rekodi za jana zilikwenda usiku, mashine imejifunza. Faki aliangalia jamvi la mwisho likipita dirishani. "Limeshajua," alisema. Hakufurahi. Nami sikufurahi. Kila akishika usukani anamfundisha atakayemtoa.

Saa kumi na dakika ishirini, karibu na Vitongoji, tulikuta jeneza linatoka msikitini. Lori lilisimama lenyewe, mbali ya kutosha. Faki alivuta breki ya mkono, akazima injini, akachukua kofia yake, akateremka. Hakuna dereva Pemba anayebaki garini jeneza likipita. Unateremka, unatia bega, unakwenda hatua zako, unampokeza mwingine, unarudi.

Mimi nilibaki. Nilitaka kuona mashine itafanya nini.

Injini ilikuwa imezimwa, lakini Mkwe hazimiki. Alianza kusema. Sauti ya mwanamke, Kiingereza, kubwa: dereva arudi kitini. Mara tatu, juu ya sauti za watu wakisoma tahalili. Baadhi waligeuka. Wakaniona nimekaa, kalamu mkononi.

Faki alirudi saa kumi na dakika ishirini na nne. Alifuta jasho. "Mzee Kombo yule, mvuvi wa hapa hapa. Hukuteremka, shemeji."

Nikasema nilikuwa kazini.

"Hata mie nilikuwa kazini."

Alhamisi, 7 Agosti

Aya kumi na mbili. Dakika nne zile ndizo roho ya habari. Jina nimelificha, nimeandika "dereva mmoja". Mhariri amefurahi sana. Habari ya undugu bado sijamwambia.

Ijumaa, 8 Agosti

Imetoka asubuhi. Baada ya swala ya Ijumaa watu watatu wamenishika mkono. "Umemsifu Faki vizuri."

Sikumtaja Faki. Nilitaja Vitongoji, Jumatano, lori la saruji na jeneza. Kisiwa hiki kila mtu anajua Jumatano kazikwa nani, na nani alitia bega. Ukitaja maziko, umewataja waliohudhuria. Mgeni angekosea hivyo ningemsamehe. Mimi nimezaliwa hapa, na kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita.

Saa kumi Rajabu alipiga simu. Mpole kama kawaida. Ameshukuru kwa habari, imewasaidia. Kuacha kiti ni kosa la kwanza katika orodha yao. Nikamuuliza, kwani kisanduku hakikuwaambia? Kilirekodi, amesema. Lakini rekodi ni nyingi. Mashine inazisoma yenyewe ili ijifunze, watu hawana muda huo. "Yako tuliisoma na chai ya asubuhi."

Faki amesimamishwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Mize hajanipigia. Nimempigia mimi. "Kumbe Mkwe ni weye, kaka." Akakata.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekwenda kwao. Mize alileta chai, akaiweka, akaingia ndani. Faki hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Lile sanduku lilinisema kwa Kizungu, hakuna aliyelifahamu. Weye umenisema kwa Kiswahili."

Nilimwambia nitaandika nyingine, nieleze mila, nieleze kwamba lori lilikuwa limezimwa. Akakataa. Madereva wenzake wameanza kumkwepa, wanaogopa kuonekana naye. Nafasi ni mbili. Yeye alikuwa wa kwanza kwenye orodha, Rajabu mwenyewe alimwambia. Sasa hata ya nne hana.

"Usiandike kitu. Kampuni ikiniita kikaoni, njoo uwatajie saa. Nilitoka saa ngapi, nilirudi saa ngapi. Basi."

Chai sikuimaliza.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemwambia mhariri kila kitu. Shemeji, kiti cha lori, ahadi ya kutoa ushahidi. Akasema habari hii siandiki tena. Ana haki. Ningemwondoa mwandishi yeyote kwa kosa hilo, na mapema zaidi.

Nimelala vibaya. Hilo nimeliandika humu daftarini tu, ili lijulikane.

Jumanne, 12 Agosti

Bakari, dereva wa lori la pili, amenisimamisha sokoni Chake. Alitazama nyuma kwanza. Jana alikutana na maziko njiani. Lori lilisimama vizuri, likawasha taa za tahadhari. Jeneza lilipita kwa muda mfupi, barabara ikawa tupu, lakini lori halikuondoka. Lilikaa tu. Alihesabu kwa saa yake. Dakika nne kamili.

Ilinichukua muda kuelewa. Mashine imejifunza kutoka kwa Faki.

"Na wewe uliteremka?" nilimuuliza.

Alitikisa kichwa. Alibaki kitini, mikono magotini. Wenye maziko walimwona. Mmoja alimwita kwa jina, naye akajifanya hasikii. "Nina watoto, Mzee," alisema. Sikumuuliza zaidi.

Jioni nilimpigia Rajabu. Alikiri mara moja, kwa fahari kidogo: ndiyo, kusubiri kwenye jeneza sasa kumo ndani ya mashine, malori yote manne. Wakubwa wake wamependa, wanasema ni heshima kwa wenyeji. Nikamuuliza, kama dakika nne ni heshima mashine ikizikaa, kwa nini ni kosa kwa aliyeifundisha? Akasema hilo niliseme mbele ya kikao cha Faki, yeye hana kura humo. Sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

Nikamuuliza pia, lori likiwa halina mtu ndani, nani atateremka kutia bega? Akasema hilo hawajalifikiria.

Jumatano, 13 Agosti

Wiki moja tangu maziko. Nimekwenda Vitongoji kutoa mkono wa pole. Mtoto mkubwa wa marehemu alinipokea barazani, akanipa maji.

"Ulikuwa garini siku ile."

"Nilikuwa."

"Karibu."

Tulisoma Fatiha. Alinionyesha kaburi, udongo bado mwekundu. Nilisimama hapo kidogo. Sikuandika kitu.

Njiani nimepishana na lori moja likipita kando ya majamvi ya karafuu. Aliyekaa ndani sikumtambua.

Jioni Mize amepiga simu. Ameuliza kama shati langu jeupe limepigwa pasi. Nimesema bado. Akasema nilipeleke kwake.

Kikao ni kesho, Alhamisi, saa tatu asubuhi, ofisi ya kampuni, Chake. Nichukue daftari hili la kijani. Ukurasa wa Jumatano ya maziko nimeuwekea alama: kutoka, saa kumi na dakika ishirini. Kurudi, saa kumi na dakika ishirini na nne.