Siku Harufu Ilipokwisha Kisimani

Baba Jumanne,

Sikuulizi hali, maana sijui kama huko uliko kuna hali. Sisi tu wazima, mvua hapa Ipuli zimechelewa, na mwanao ameirithi kamba yako. Ndiyo sababu nakuandikia, tena hadharani, wasome na wenzako wanaoshuka visimani. Nina hasira nawe, na tangu tukuzike sijapata pa kuiweka.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuja kwenye meza yangu sokoni, ninapouza ubani, udi na hina, ukaomba kibiriti upele. "Si changu," ukasema, "ni cha rafiki yangu." Na huku unajikuna mpaka kofia imekaa upande. Nikakupa vile vipande vya njano, nikakwambia rafiki yako avitwange, achanganye na mafuta ya mgando, ajipake akishaoga. Baada ya muda ukarudi ngozi imetakata, ukasema rafiki yako amepona na sasa anataka kuoa. Nilicheka mpaka wenye meza za jirani wakauliza kulikoni. Hadi leo nikitwanga kibiriti upele vidole vikageuka njano, nakukumbuka, kisha nanuna.

Kazi yako niliiheshimu. Ulizibua visima kuanzia Kipalapala mpaka Kaliua, ukarudi kwa treni na dumu la asali, matope masikioni. Na kila kisima ulikianza kwa namna moja. Kifuniko kikishaondolewa, huongei na mtu. Unapiga magoti, unainamisha kichwa mdomoni mwa kisima, unanusa. Kikinuka yai viza unabaki hapohapo, pua ndani, mpaka harufu iishe. Kisha unasimama, unatangaza, "Harufu imekwisha," unashuka. Baba yako alifanya hivyo, na babu yako kabla yake. Nilipokuuliza kama hiyo inatosha, ulijigonga pua ukacheka.

"Mama Jumanne, hii ndiyo leseni yangu."

Halafu kikaja kile kisima cha njia ya Kwihara. Wazee wanasema wapagazi wa misafara walikuwa wakitua mizigo pale wanywe maji kabla ya kuingia mjini. Watu waliotoka pwani kwa miguu walikikuta kina maji matamu. Mwenye ghala la ngozi aliponunua uwanja ule hakuona kisima, aliona shimo la bure. Akamwaga humo maji aliyolowekea ngozi, manyoya, na mabaki ya nyama yaliyogandamana nazo, miaka nenda miaka rudi. Ukame ulipombana ndipo akakumbuka kwamba kumbe lile ni kisima, akakuita ukisafishe.

Masanja, mshika kamba wako, ndiye aliyenisimulia. Kilinuka mpaka wapita njia wakaziba pua. Wewe ukapiga magoti kama ada, ukakaa, ukakaa, ukasema harufu imekwisha. Ukashuka kwa kukanyaga vishikio vya mawe vilivyo ukutani mwa kisima. Kamba ilikuwa ya ndoo, haikuwa ya kukufunga wewe.

"Shemeji, hakupiga hata kelele," Masanja aliniambia, machozi yanamchuruzika. "Aliachia tu, kama mtu aliyepitiwa na usingizi." Alitaka kukufuata, watu wakamng'ang'ania mpaka shati likachanika. Ningekuwa na uwezo ningewalipa wale watu mema yao.

Ulipotolewa, pete yako ya fedha ilikuwa nyeusi tii. Waoshaji waliiona wakanong'ona, na kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa umeshapitisha hukumu: ni jini wa kisima, amekutia alama yake. Mwenye ghala akaja matangani na mchele na sukari, akakaa mkekani akatikisa kichwa, "Kazi ya Mungu haina makosa." Mimi niko chumbani, ndani ya eda, siwezi kutoka nikamjibu. Namjibu leo. Mungu hakumwaga maji ya ngozi kisimani.

Aliyenifungua macho ni Zuhura, binti yako. Alikuwa kidato cha tatu, anasoma kemia, na tangu msiba alikuwa akiing'ang'ania ile pete kama anataka iseme. Siku moja akachukua kipande cha kibiriti upele kwenye kapu langu, akakiweka kando ya pete.

"Mama, hii unayouza ndiyo salfa. Na iliyomuua Baba ni hiyohiyo, imegeuka gesi."

Akanieleza taratibu, kama mwalimu. Ngozi, manyoya na nyama vyote vina salfa ndani yake. Vikioza topeni, mahali pasipo hewa, kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwa uozo huo, na vinachotoa ni ile gesi inayonuka yai viza. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatulia shimoni, inangoja. Ikikutana na fedha inaifanya nyeusi. Hakuna jini aliyekutia alama, Baba Jumanne. Ni kemia tu.

"Na pua ya baba yako?" nikamuuliza. "Mbona harufu iliisha?"

Akainama. Akasema gesi hiyo ikizidi, kinachotangulia kufa ni pua. Mtu haisikii tena, na hapo ndipo ilipo kali kupita mwanzo. Harufu haikuwa imekwisha. Nilitoka uani nikalia kilio ambacho sikukulilia siku ya mazishi.

Sasa sikiliza ya mwanao. Juzijuzi mwenye ghala yuleyule amemwita Jumanne, kisima kilekile. Nikamweleza yote aliyosema dada yake. Unajua alinijibu nini?

"Mama, kitabu cha Zuhura hakijawahi kushuka kisimani. Baba kafanya kazi hii maisha yake yote."

"Na ikamuua."

"Siku moja tu, Mama."

Damu yako hiyo. Sikubishana naye. Asubuhi nilikamata tetea wangu mwekundu, nikamficha ndani ya khanga, nikawafuata. Nilimkuta Jumanne kapiga magoti, pua ndani, mgongo wake mgongo wako. Mwenye ghala kasimama pembeni anachezea simu. Jumanne akainuka. "Harufu imekwisha," akasema, kwa sauti yako.

"Masanja," nikasema, "mfunge huyu kuku ndani ya ndoo, mteremshe."

Wakacheka. Mmoja akasema Mama Jumanne anamtolea jini kafara. Masanja hakucheka. Ndoo ikashuka, kuku analalamika, analalamika, kisha kimya. Masanja akavuta. Tetea alikuwa amelaza shingo kwenye ukingo wa ndoo.

Jumanne akamtazama kuku, akatazama kisima, akakaa chini mavumbini. Kisha akainua mkono akaishika pua yake, akaishikilia hivyo kama mtoto.

Kisima kimefunikwa, lakini kwa muda tu. Nasikia mwenye ghala anatafuta fundi wa mbali ambaye hajasikia habari zetu. Atakayesoma barua hii amwambie fundi huyo, popote alipo: ukisikia harufu imekwisha, kimbia.

Mzoga wa yule tetea nimeufukia nyuma ya choo. Jioni nikakaa uani nikiwatazama kuku waliobaki wakiparurana. Kuku walikuwepo hata siku ile, Baba Jumanne. Ulipita katikati yao ukienda kazini, kamba begani, ukawamwagia pumba.

Pumzika. Mimi bado nimekasirika.

Mkeo,
Mama Jumanne